Vitenzi vya Gereji: Lugha ya Kutambua Hitilafu za Injini Kuukuu

Kazi ya kukuza istilahi za Kiswahili, tangu iliposhika kasi katika miaka ya 1970, imekuwa aghalabu kazi ya kukusanya na kubuni majina. Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981. Na kila taaluma mpya ilipobisha hodi, ilikaribishwa kwanza kwa mlango wa nomino. Kwa upande wa magari kazi hiyo haikuwa nzito, kwa kuwa mafundi wenyewe walikuwa wamekwisha kuifanya. Plagi, kabureta, koili, klachi, giaboksi, difu, ekseli, pistoni, ringi, gasketi, alteneta: majina haya yalikwisha kupata matamshi ya Kiswahili na ngeli ya Kiswahili kabla ya mtaalamu yeyote kuyaandika. Mengine ni ya zamani zaidi kuliko gari lenyewe. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujawa wa motokaa, na parafujo ni urithi wa Wareno.

Hata hivyo, mtu aliyehifadhi majina yote hayo hajui bado kutengeneza gari, na hajui bado Kiswahili cha gereji. Majina hutaja vipande. Gari linapoharibika, kinachotafutwa si kipande bali ni jambo linalotendeka, au lililoacha kutendeka, na jambo hutajwa kwa kitenzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba elimu ya mafundi ya kutambua hitilafu, hasa katika injini za zamani zisizo na kompyuta, imehifadhiwa katika vitenzi vyao: katika uchaguzi wa kitenzi, katika mnyambuliko wake, na katika viambishi vya wakati. Orodha ya istilahi inayoviacha vitenzi hivyo ni kama sanduku la spana zisizo na mkono wa kuzishika.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Katika barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, iliyoitwa zamani Grogan, maduka ya vipuri yamepangana mlango kwa mlango, na anayeingia humo na neno lisilo sahihi hutoka na kipuri asichokihitaji. Mwenye gari husema, “Betri imekufa,” akauziwa betri. Baada ya siku mbili hiyo mpya nayo “imekufa,” kwa maana kilichokufa tangu mwanzo ni alteneta, au ni ukanda wa feni uliolegea ukawa hauizungushi. Betri haikufa, haikulishwa. Fedha imekwenda kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Nani anayetenda?

Swali la kwanza ni la upatanisho wa kisarufi, na hapa mwalimu wa shule na fundi wa jua kali hugongana. Katika gereji za Nairobi gari “inatetemeka”, “inamisi”, “inachemsha”. Mwalimu husahihisha: gari linatetemeka, linamisi, linachemsha. Mafundi hucheka, na kwa kawaida wanaisimu wa siku hizi huwatetea wakisema kwamba lugha ya mazungumzo ina kanuni zake. Utetezi huo ni wa haki, lakini unaacha jambo moja. Mtu akisema “linatetemeka”, mtendaji ni gari. Akisema “inatetemeka”, mtendaji ni injini. Hizo ni hitilafu mbili tofauti kabisa. Gari linalotetemeka likifika mwendo fulani, kisha likatulia mwendo ukizidi au ukipungua, lina gurudumu lisilosawazishwa, au viungo vya usukani vilivyolegea. Injini inayotetemeka gari likiwa limesimama ina silinda isiyofanya kazi, au mipira inayoibeba imepasuka. Kiambishi li- na kiambishi i- vingeweza kuyatenga mambo haya kabla hata boneti haijafunguliwa.

Gereji imeupoteza upambanuzi huo kwa kuyatia majina yote mawili katika upatanisho mmoja, lakini haikuupoteza bure. Umefidiwa kwa maswali. Mazungumzo kati ya mteja na fundi mzoefu huwa namna hii:

“Fundi, gari inatetemeka.”

“Ikiwa imesimama, mzee, ama ikitembea?”

“Ikitembea.”

“Ukikanyaga breki inazidi?”

Yanayofanya kazi hapa ni maumbo ya -ki-. Sarufi za shuleni hukifundisha kiambishi hiki kama cha sharti au cha hali inayoendelea, na wanafunzi hupewa mifano ya mvua na wageni. Kwa fundi, -ki- ni kipimo. Kila swali lake humtenga mshukiwa mmoja: ikipoa, ikipata moto, ikipanda mlima, ikibadilishwa gia, ukiachilia mafuta, ukiwasha taa. Fundi asiyeuliza maswali ya -ki- huanza kufungua nati mara moja, na huyo ndiye fundi wa kuogopwa.

Kuwaka na kuzima

Injini katika Kiswahili ni jamaa ya taa na ya jiko. Huwashwa, huwaka, huzima, huzimwa. Neno moto nalo lina kazi mbili katika gereji. Ni cheche ya plagi, kama katika swali “Inatoa moto?”, na pia ni joto la injini, kama katika “imepata moto”. Msikilizaji mgeni huweza kuchanganyikiwa, lakini fundi hachanganyikiwi, kwa kuwa kitenzi ndicho kinachoamua: moto unaotolewa ni wa plagi, moto unaopatwa ni wa injini nzima.

Mlalamishi wa kawaida husema tu, “Haiwaki.” Kauli hiyo hubeba hitilafu mbili ambazo hazina ujirani wowote. Ya kwanza ni stata isiyozungusha injini, na hapo uchunguzi ni wa betri, vichwa vya betri vilivyoota kutu, na stata yenyewe. Ya pili ni injini inayozungushwa ikakataa kuwaka. Katika hii ya pili fundi hutafuta mambo mawili tu kwanza, moto na mafuta. Huifungua plagi moja, huirudisha katika waya wake, huilaza juu ya chuma cha injini, na kumwomba mtu azungushe stata. Cheche ya rangi ya samawati yenye mlio ni dalili njema. Cheche nyembamba ya manjano, au kutokuwapo kabisa, humrudisha kwenye pointi, kondensa na koili. Katika injini ya petroli ya Land Rover ya lita 2.25, iliyoanza kutumika mwaka 1958, pointi hufunguka kwa nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40. Asiye na kipimo cha bamba hutumia kipande cha karatasi ngumu kinachokaribia unene huo. Si sahihi sana, lakini humfikisha mtu nyumbani.

Hitilafu iliyowasumbua wengi zaidi katika magari ya namna hii imekuwa ile inayosimuliwa kwa sentensi yenye -ki- mbili: “Ikipata moto inazima, ikipoa inawaka.” Sentensi hiyo ni nusu ya utambuzi. Washukiwa ni wawili. Koili au kondensa iliyochoka hufanya kazi ikiwa baridi, na waya zake za ndani zikipata joto cheche hupotea. Au petroli hugeuka mvuke ndani ya bomba lake, au ndani ya pampu iliyo karibu na injini, ikawa haifiki kwenye kabureta. Dawa ya kuwatenganisha ni kupima papo hapo, kabla injini haijapoa: kama moto wa plagi upo, koili haina hatia, na kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kikizungushwa kwenye pampu na bomba la petroli huiwasha injini baada ya dakika chache. Wengi hupima baadaye, gari likiwa limepoa, na kila kitu huonekana kizima. Ndipo hubadilishwa plagi, kisha kabureta, kisha betri, na gari huzima tena pale pale katikati ya mlima.

Kuchemka na kuchemsha

Mnyambuliko unaostahili kuangaliwa kwa makini ni ule unaotenga chemka na chemsha. Maji huchemka, gari huchemsha. Kitenzi cha pili ni cha kutendesha na kwa kawaida hudai yambwa, lakini katika gereji yambwa huachwa: “Gari hii inachemsha.” Huenda mtu akadhani ni uzembe wa mitaani. Sivyo. Kauli hiyo inasema kwamba maji ni mtendwa tu, na kwamba kisababishi kimo katika gari. Fundi akiisikia haendi kuyashughulikia maji, anamtafuta achemshaye. Rejeta iliyojaa kutu na chokaa, thamostati iliyokwama imefungwa, ukanda wa feni uliolegea, pampu ya maji inayovuja, au gasketi ya silinda hedi iliyopasuka ikawa inaruhusu gesi ya moto kuingia katika maji. Ya mwisho hutambulika kwa mapovu katika rejeta injini ikinguruma, na kwa moshi mweupe unaoendelea hata baada ya injini kupata moto.

Kwa upande mwingine, zipo siku ambazo maji huchemka pasipo gari kuchemsha, na lugha ina haki ya kuwa na vitenzi viwili. Mombasa maji huchemka kwenye digrii 100. Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwenye digrii 94 hivi. Na Timboroa, panapokaribia mita 2,700, kwenye digrii 91. Gari lile lile, lenye joto lile lile la injini, huweza kushuka Mombasa salama na kurusha maji huko juu. Kinachozuia ni kifuniko cha rejeta. Springi yake hubana hewa ndani, na kifuniko cha ratili 10 kwa inchi mraba huongeza kiwango cha kuchemka kwa karibu digrii 15. Kifuniko kikichoka, au kikibadilishwa kwa kitambaa na kipande cha plastiki kama inavyoonekana mara nyingi, faida yote hiyo hupotea. Wenye magari wengi wamesafishiwa rejeta, wakanunuliwa thamostati, na ugonjwa ukabaki, kwa sababu hakuna aliyekitilia maanani kifuniko.

Mwinuko huohuo hulipa taabu kabureta. Penye mita 1,700 uzito wa hewa hupungua kwa karibu sehemu 15 katika 100, lakini jeti ya petroli haina habari hiyo. Gari lililorekebishwa pwani likifika bara huwa linapewa petroli nyingi kuliko hewa yake; hutoa moshi mweusi, plagi zikawa nyeusi kama masizi ya chungu, na nguvu zikapungua. Mwenyewe husema kwamba gari “limechoka”. Halikuchoka, limelishwa kupita kiasi.

Kugonga, kunoki na kumisi

Vitenzi vya sauti ndivyo hazina kubwa zaidi. Mashine katika gereji hunguruma, hukoroma, hutweta, hukohoa, hulia, hupiga kelele, hugonga. Maneno haya hayakutawanywa ovyo. Beringi “inalia”, gia “inalia”, breki “zinalia”: kulia ni kwa vyuma vinavyosuguana. Injini haisemwi kwamba inalia isipokuwa kipande chake kimoja kilie. Kukohoa ni kwa injini inayorudisha pumzi kupitia kabureta, na mara nyingi ni dalili ya mafuta haba: jeti imeziba, au kuna hewa inayoingia kwa njia ya wizi kwenye gasketi. Mlipuko unaotokea nyuma, katika bomba la moshi, si kukohoa, na fundi akisikia mteja amelitumia neno hilo kwa sauti ya nyuma atamsahihisha palepale.

Jozi ya gonga na noki inastahili kusomeshwa katika darasa lolote la maneno ya mkopo. Neno la Kiingereza lililokopwa likawa kunoki lina maana ile ile ya kugonga. Kwa mantiki ya kawaida ya istilahi moja lingeifukuza nyingine, au yangekaa kama visawe. Gereji haikufanya hivyo. Iligawa kazi. Injini “inagonga” maadamu ingali hai: huenda ni mlio mwepesi wa kwenye mlima, unaotokana na cheche kuja mapema kupita kiasi au petroli duni, huenda ni mlio mzito wa chini, wa beringi za kreni zilizolika. Injini ambayo “imenoki” imekwisha kazi, pengine pistoni na silinda zimeshikana kwa kukosa oili, au mkono wa pistoni umevunjika. Kugonga hupenda kiambishi -na-; kunoki hupenda -me-. Mtu akisema “inanoki” huonekana mgeni. Hivyo neno la kigeni limekabidhiwa mauti ya injini, na neno la wenyeji likabaki na ugonjwa wake. Mfasiri wa kitabu cha ufundi ambaye ataandika kugonga mahali pote kwa usahihi wa kamusi atakuwa amemwambia msomaji kwamba injini iliyokufa bado inaweza kuponywa kwa kugeuza distributa kidogo.

Kumisi hakina mshirika wa Kiswahili, na huenda ndiyo sababu kimekita mizizi. Kimekopwa kikabaki na irabu yake ya mwisho i, kama kufeli na kuchaji. Kwa hiyo katika ukanushi hakibadiliki, haimisi, wala hakinyambuliki kwa urahisi. Maana yake ni finyu na kamili: silinda moja au zaidi haiwaki kwa zamu yake, mwendo ukawa na pengo. Kipimo chake nacho ni cha kale na hakijapatikana bora zaidi kwa injini zisizo na kompyuta. Injini ikinguruma taratibu, fundi huzichomoa nyaya za plagi moja baada ya nyingine kwa koleo lenye mpira. Akichomoa ya silinda nzima, mngurumo huharibika zaidi. Akichomoa ya silinda iliyokufa, hakuna kinachobadilika. Imekuwa ikibebwa na wenzake. Baada ya hapo plagi ya silinda hiyo hubadilishana nafasi na ya jirani. Hitilafu ikihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, hapo ni waya, kifuniko cha distributa, au valvu. Mantiki ya mpango huu ingempendeza mwanasayansi yeyote, na yote imo katika maswali mawili ya Kiswahili: imehama, au imebaki?

Kuliwa, kwisha, na hitilafu inayonyamaza

Tairi huweza kwisha au huweza kuliwa. La kwanza ni uzee, na hakuna wa kulaumiwa. La pili lina mlaji. “Gari inakula tairi” ni shtaka, na mshtakiwa hutafutwa mahali anapopajua fundi: tairi likiliwa ukingo mmoja, magurudumu hayakai sambamba au viungo vimelegea, likiliwa kingo zote mbili, upepo ulikuwa haba, likiliwa katikati, upepo ulizidi. Kauli ya kutendwa hapa ina thamani ya ushahidi.

Ipo hata hivyo hitilafu moja ambayo haina kitenzi cha kelele, na kwa ajili hiyo iliwapita wengi. Petroli ya zamani ilitiwa risasi, na risasi hiyo ililinda viti vya valvu katika injini ambazo viti vyake vilichongwa moja kwa moja katika chuma cha silinda hedi. Kenya na nchi nyingi za Kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, na mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba haiuzwi tena kwa magari popote duniani baada ya Algeria kuiacha. Kwa afya ya watu, hasa ya watoto, hakuna la kujutia. Kwa injini kuukuu kadhaa matokeo yalikuwa ya ajabu: zilinyamaza. Valvu ya moshi huzama kidogo kidogo katika kiti chake, na kadiri inavyozama ndivyo nafasi ya tapeti inavyopungua. Tapeti zilizokuwa zikilia huacha kulia. Mwenye gari hufurahi kwamba injini imekuwa tulivu kuliko zamani. Kumbe nafasi imekwisha, valvu haifungi tena sawasawa, gesi ya moto inapita pembeni yake, na baada ya muda ukingo wake huungua. Ndipo gari hukosa nguvu, na huwa gumu kuwaka likiwa na moto.

Mafundi wazee walisema, “Tapeti inayolia haichomi valvu.” Kauli hiyo ni sahihi kiufundi. Nafasi ikizidi kidogo hupatikana kelele. Ikipungua huharibika valvu. Tiba ni kuipima mara kwa mara, milimita 0.25 katika ile injini ya Land Rover iliyotajwa, au kutia viti vipya vya chuma kigumu katika karakana yenye mashine ya kuchonga. Kwa mtunga kamusi hapa pana somo gumu kidogo, kwa maana kitenzi nyamaza hakiwezi kuingizwa kama istilahi ya ufundi, na bado katika injini hizo kilikuwa dalili iliyo mbaya kuliko kupiga kelele.

Breki zimekata

Mahali ambapo sarufi huweza kuua ni katika habari za ajali. “Breki zilikata.” “Breki zilifeli.” Kauli kama hizi hazina mtendaji, breki zimefanywa kuwa kama kamba ya kisimani ambayo siku moja hukatika. Fundi hawezi kuzikubali, kwa sababu katika breki za maji hakuna kamba. Huuliza kanyagio lilifanya nini. Kama lilikwenda chini laini kama sifongo na likapanda baada ya kukanyagwa mara kadhaa, kuna hewa katika mabomba, au lainingi zimeliwa mno. Kama lilishikilia kisha likazama polepole mguu ukiwa umetulia juu yake, masta silinda inapitisha ndani kwa ndani, hata kama hakuna tone linaloonekana chini ya gari. Kama gari lilivuta upande mmoja, gurudumu moja linashika na jingine haliliungi mkono, pengine kwa oili iliyovujia kwenye lainingi.

Na kama breki zilikuwa njema juu ya mteremko, zikawa hazipo chini yake, maji ya breki yamechemka. Maji hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hustahimili digrii 205 angalau; yakinyonya unyevu kiwango cha chini kinachotakiwa hushuka hadi digrii 140. Dereva anayeteremka bonde refu akiwa ameegemea breki, badala ya kuiacha gia ya chini ishikilie gari, huyafikisha huko bila kujua. Mvuke hubanika, maji hayabaniki. Kanyagio huzama sakafuni. Baada ya nusu saa kila kitu kimepoa, na mkaguzi akifika hukuta breki zinashika. Ripoti huandikwa kwamba zilikata. Kumbe maji yalichemshwa, na ipo karatasi ya huduma ambayo haikuandikwa chochote kwa miaka mitano.

Mashine ya kusaga

Injini ndogo zina lugha pungufu ya magari kwa wingi wa maneno, lakini si kwa usahihi. Mfano bora ni injini za dizeli za Lister, zilizotengenezwa Dursley nchini Uingereza na zilizosaga mahindi kwa miongo mingi katika vituo vya Afrika Mashariki. Ile ya nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 kwa dakika, na kwa kuwa huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, mapigo yake ni matano na kidogo kwa sekunde. Sikio la kawaida linaweza kuyatenga. Msagaji huijua hali ya mashine yake akiwa nje, akipima magunia. Ikianza kuruka pigo, ikazima, kisha ikakataa kuwaka, hujua “imevuta hewa”: tangi limeachwa likakauka, au nati ya bomba imelegea. Hulegeza nati ya chujio, kisha ya pampu, mpaka dizeli itoke bila mapovu, akaikaza. Huinua valvu kwa wenzo wake ili injini iwe nyepesi, huzungusha flaiwili kwa hendeli hadi ishike kasi, kisha huuachia wenzo. Ikipiga mara moja, imepona.

Katika mashine hiyo gavana ndiye anayesawazisha mwendo, apunguze dizeli mahindi yakiisha kinuni na kuiongeza yakimiminwa. Neno hili lina historia ya kuchekesha. Kenya ilimfahamu gavana wa serikali ya kikoloni. Wasagaji wakamfahamu gavana wa chuma. Mwaka 2004, kanuni mpya za matatu zilipoanza kutekelezwa, gavana akawa kile chombo kinachozuia gari kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ingawa watangazaji walipendelea kusema kidhibiti mwendo. Na tangu 2013 kila kaunti ina wake. Katika gereji hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu ya vitenzi kwa mara nyingine. Gavana wa matatu “hukatwa” waya na madereva wakorofi, gavana wa mashine “hukaza” au “hulegea”, na wa kaunti huchaguliwa.

Magari yenye kabureta na pointi yanazidi kupungua. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka minane, na yanayoletwa yote huendeshwa kwa kompyuta. Fundi kijana huchomeka kifaa chini ya usukani na kuuliza, “Imesoma nini?” Kitenzi soma kimepata kazi mpya, na maswali ya -ki- yamepungua, kwa hasara, kwa sababu kompyuta husema kipande gani kimetoa taarifa mbaya, wala haisemi kwa nini. Kifaa kikiandika P0301, kijana huyo humgeukia mteja na kumfasiria bila kusita kwamba silinda ya kwanza inamisi. Kisha, kama alifundishwa na mzee, huichomoa koili ya silinda hiyo na kuibadilisha na ya pili, akawasha tena, akasubiri aone kama nambari itageuka kuwa P0302.